Kuvu Inayomwua Chonga wa Minazi

Leo twaendelea na masomo yetu ya kilimo. Mwenye daftari aliweke karibu, lakini asiandike bado. Asikilize kwanza. Maneno mapya ya leo ni matatu tu, na mwalimu atayaandika ubaoni: chonga, buu, kuvu. Nitayasema tena pole pole. Chonga. Buu. Kuvu.

Ninyi mnaokaa pwani, toka Tanga mpaka Mtwara, na ninyi wa Unguja, Pemba na Mafia, mwamjua chonga. Ndugu zangu wa bara msizime redio. Mbele kidogo nitataja migomba.

Chonga ni mdudu mweusi, mnene kama kidole gumba cha mtu mzima, tena ana pembe puani kama kifaru. Mchana hamwoni, amejificha. Usiku hutoka, huruka kwa mvumo mkubwa, akapanda juu mpaka kileleni mwa mnazi, pale makuti machanga yalipofungana kama mwavuli uliokunjwa. Hapo hutoboa tundu, akaingia ndani, akatafuna na kunywa maji ya kilele. Makapi huyasukuma nje. Ukiona nyuzinyuzi zimetoka katika tundu, kama mtu amemung'unya muwa akatema, ujue yumo.

Kuti lile likija kufunguka, utaona limekatwa mshazari pande zote mbili, kama kwa mkasi. Mnazi mkubwa waweza kuvumilia matundu mawili matatu, ingawa mazao hupungua. Mnazi mchanga hauwezi. Mwembe ukikatwa tawi huchipua tawi jingine. Mnazi una kilele kimoja tu. Kikifa hicho, mti wote umekufa. Na mnazi mrefu wa kienyeji, ndugu zangu, hukaa miaka 6 au 7 hivi ndipo uanze kuzaa. Hesabu mwenyewe hasara ya mtu aliyemwagilia mche miaka mitatu, kisha akaukuta umenyauka.

Sasa nitawaeleza kosa langu mwenyewe. Silioni haya kulisema, kwa kuwa huenda katika darasa lenu yuko mtu anayelifanya hivi leo.

Mwaka 2016 nilikuwa nimemaliza chuo, nina stashahada yangu mkononi, na kichwa kimejaa vitabu. Nilikwenda kumtembelea shangazi yangu, upande wa Pangani. Shamba lake lilikuwa na minazi mizee iliyokufa. Alikuwa ameikata, na kati ya visiki alikuwa amepanda miche mipya 12. Magogo yalikuwa yamelala, na shangazi alikuwa anakusanya makuti makavu ili ayachome moto. Nikamzuia. Nikamwambia, "Shangazi, usiyachome. Yapange kando ya miche, yaoze, yawe mboji. Moto waharibu ardhi."

Akaniambia, "Mwanangu, wazee wetu walikuwa wakiyachoma."

Nikacheka. Nikamweleza habari za rutuba kwa maneno marefu. Mwisho akasema, "Haya, wewe ndiwe uliyesoma." Magogo yakapangwa.

Mwaka wa tatu nikapata salamu kwamba nifike. Nilimkuta amekaa barazani. Nikamwamkia, "Shikamoo shangazi." Akaitika marahaba, akaniuliza habari za safari, akanipa maji ya kunywa. Kisha akanyosha mkono pale jembe lilipoegemea, akasema, "Hebu kapindue lile gogo lako." Lako! Nililisikia neno lile.

Nikaenda, nikalipindua. Gogo lilikuwa limeoza vizuri sana kama nilivyotaka, laini, lenye unyevu, jeusi kama udongo wa bustani. Na ndani yake walikuwa wamelala mabuu. Buu la chonga ni nene kuliko kidole, jeupe, kichwa chake cha rangi ya kahawia, nalo hujikunja kama ndoana. Niliyahesabu katika gogo lile moja: 31. Miche 7 kati ya 12 ilikuwa imekufa. Shangazi hakunigombeza. Alisema tu, "Mimi nilikuwa naihesabu minazi hii kwa ajili ya sare na madaftari ya wajukuu." Afadhali angenigombeza.

Basi hili ndilo jambo ambalo sikulijua, na yafaa mlijue ninyi. Chonga ana nyumba mbili. Yeye mwenyewe hula juu, kileleni. Lakini jike hutaga mayai chini, katika vitu vilivyooza: gogo la mnazi, kisiki, chungu ya samadi, lundo la unga wa mbao. Mayai huanguliwa, mabuu hula uozo ule miezi kadhaa, kisha hugeuka bundo, kisha huwa chonga kamili mwenye mabawa na pembe. Ndipo huruka kwenda juu. Mimi nilikuwa nimemjengea nyumba ya uzazi mlangoni pa chakula chake.

Mtaniuliza, je, hakuna dawa ya sumu? Ziko sumu. Lakini fikirini. Chonga mkubwa amejichimbia ndani ya kilele, na buu limelala katikati ya gogo. Wote wawili wamo ndani ya mti. Sumu ukiipuliza nje humkuta nani? Humkuta nyuki, na kuku, na wewe mwenyewe unayepuliza huku upepo wakurudishia usoni. Hii ndiyo taabu ya wadudu wote wanaotoboa miti: mti wenyewe ndio ngao yao.

Hapa sasa twafika kwenye neno letu la tatu, kuvu.

Kuvu mnaijua. Ni ule ukungu unaoota juu ya mkate uliolala, au juu ya kiatu cha ngozi kilichosahauliwa chini ya kitanda wakati wa masika. Kuvu haina maua wala mbegu kama za mahindi. Huzaa kwa chembe ndogo mno, ndogo kuliko vumbi, ambazo huchukuliwa na upepo, na maji, na miguu ya wadudu. Ziko kuvu nyingi, kila moja na chakula chake. Nyingine hula mkate, nyingine hula majani. Na ziko zinazokula wadudu.

Jambo hili si jipya. Mwaka 1835, huko Italia, Bwana Agostino Bassi alionyesha ya kuwa ugonjwa uliokuwa ukiwaua viwavi wa hariri, ukawaacha weupe kama waliopakwa chokaa, uliletwa na kuvu. Kuvu ile leo huitwa boveria, na katika jina lake refu la kitaalamu limo jina la Bwana Bassi. Mwaka 1879, Bwana Metchnikoff alikuwa Odessa, mji wa pwani ambao leo uko katika nchi ya Ukraine. Wakulima wa ngano huko walikuwa wakisumbuliwa na mbawakawa. Akaona wengine wamekufa na kuota ukungu wa kijani. Akaichunguza kuvu ile, akafikiri: kwa nini tusiikuze wenyewe, tukaitia shambani? Kuvu hiyo huitwa metariziamu. Metariziamu ndiyo rafiki yetu wa leo.

Tena yako mambo ya Samoa, visiwa vilivyo mbali sana katika Bahari ya Pasifiki. Watu wa huko ni watu wa nazi kama watu wa Mafia. Mwaka 1909 chonga wa Asia, ndugu wa huyu wetu, aliingia huko pamoja na miche ya mpira iliyotoka Ceylon, nchi iitwayo leo Sri Lanka. Alipofika hakukuta adui, akazaa kupita kiasi. Samoa wakati ule ilitawaliwa na Wajerumani, kama Tanganyika ilivyokuwa. Mtaalamu wao mmoja, Bwana Friederichs, alifanya hila. Alitengeneza malundo ya uozo, akayatia metariziamu. Chonga jike akija kutaga, amejileta mwenyewe penye mauti. Hila hii nitairudia, kwa kuwa ni nzuri na mtu wa kijijini aweza kuielewa mara moja. Lakini nisiwadanganye: kuvu peke yake haikummaliza chonga wa Samoa. Watu waliendelea kuyatafuta mabuu kwa mikono, na mwaka 1967 waliletewa adui mwingine wa chonga, kirusi, aliyesaidia sana.

Sasa kuvu humwuaje mdudu? Sikilizeni sana hapa, maana mtu asiyeelewa hapa ataharibu kazi.

Ugonjwa mwingi wa wadudu sharti uliwe. Metariziamu haina haja ya kuliwa. Chembe yake ikigusa ngozi ya mdudu hunata. Kama pana unyevu wa kutosha, chembe huota, kama mbegu iotavyo. Hutoa mzizi mwembamba mno. Ngozi ya mdudu ni ngumu, ni kama kucha. Lakini mzizi ule hutoa maji ya kuyeyusha, na wakati huo huo husukuma kwa nguvu. Mwisho hupenya. Ukishaingia ndani, kuvu huenea katika damu ya mdudu, hula chakula chake na kutoa sumu. Mdudu huanza kulegea, haachi kupumua mara moja. Huacha kula kwanza. Baada ya siku kadhaa, au wiki mbili tatu kwa mabuu makubwa, hufa. Maiti hukauka, huwa ngumu, haitoi maji kama buu lililokufa kwa kupondwa. Kisha, pakiwa na unyevu, kuvu hutoka nje tena. Kwanza nyeupe, kama pamba. Halafu hugeuka kijani kibichi kilichokoza. Kijani hicho ndicho chembe mpya, nyingi zisizohesabika, zangoja mdudu mwingine apite.

Mmeona? Kwa hiyo kuvu yahitaji vitu viwili: unyevu na kivuli. Jua kali huziua chembe zake kwa muda mfupi. Ukipanda na kuvu juu ya mnazi mchana wa kaskazi umepoteza kazi yako. Lakini ndani ya gogo lililooza, au chini ya chungu ya samadi, mna giza, mna baridi kidogo, mna maji. Pale pale buu linapopapenda, kuvu nayo yapapenda. Hii ndiyo sababu vita vyetu na chonga twavipigana chini, si juu.

Naam, hila ya lundo. Twaa samadi iliyooza, vipande vya shina la mnazi vilivyooza, na unga wa mbao kama upo. Fanya lundo mahali penye kivuli, kimo cha goti hivi. Kuvu hukuzwa na wataalamu juu ya nafaka, kama mchele au mahindi yaliyopikwa, katika vyombo safi; huja ikiwa nafaka zilizofunikwa na unga wa kijani. Hiyo huchanganywa ndani ya lundo, si kunyunyizwa juu tu. Kisha mwagia maji, funika kwa makuti ili jua lisipige na kuku wasichakure. Chonga jike atavutwa na harufu ya uozo, maana ndiyo aitafutayo. Atataga. Mabuu yatazaliwa katika kuvu. Na chonga mkubwa mwenyewe akijipaka chembe, akitoka huenda nazo kwenye malundo mengine asiyoyajua mwenye shamba. Basi anakuwa mchukuzi wetu bila mshahara.

Lakini lundo hili ni mtego, na mtego haufai kusahauliwa. Likikauka, kuvu hulala na mabuu hustawi. Utakuwa umefuga chonga kama mimi. Lifunue kila mwezi, ulitazame. Buu hai litoe, umpe kuku. Kuku hulipenda mno. Buu lililokauka lenye rangi ya kijani liache pale pale, lirudishe ndani. Hilo ndilo mbegu yako.

Na magogo mengine yote shambani? Yapasue, uyachome, au uyafukie chini kabisa. Kuvu haitasaidia kitu ikiwa lundo moja lina dawa na magogo ishirini hayana. Hasa minazi iliyokufa kwa ule ugonjwa wa kunyong'onyea, ambao umemaliza mashamba mengi pwani: mtu huiacha imesimama kama nguzo, akasema imeshakufa, ya nini kuitaabikia? Chonga haoni maiti pale, aona nyumba.

Onyo moja sasa, na mwalimu alirudie mara mbili. Si kila ukungu wa kijani ni metariziamu! Mtu asiende akatwaa karanga au mahindi yaliyoota ukungu ghalani, akasema hii ndiyo dawa aliyoisema bwana wa redio. Ukungu ule wa ghalani waweza kuwa na sumukuvu, nayo huharibu ini la mtu na kuua. Kuvu ya dawa sharti itoke kwa wataalamu. Kabla hujanunua dawa yoyote dukani, mwulize bwana shamba au bibi shamba kama imesajiliwa; kazi ya kusajili hapa Tanzania ni ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Kwa habari za minazi, kituo cha utafiti cha Mikocheni, Dar es Salaam, ndicho chenye wataalamu wake. Na soma tarehe iliyoandikwa juu ya mfuko. Ndiyo maana mwajifunza kusoma! Kuvu ni kitu hai. Mfuko uliokaa miezi mingi chini ya bati, mwenye duka akauanika na joto, una vumbi lililokufa tu. Usiichanganye pia na dawa ya kuua ukungu wa mimea, maana hiyo itaiua. Unapoishika, funga kitambaa puani na mdomoni, nawa mikono. Metariziamu haifahamiki kama adui wa binadamu, lakini vumbi ni vumbi, na wako watu ambao kifua chao hakipendi vumbi lolote.

Niliwaahidi watu wa bara. Fukusi wa migomba naye ni mtoboaji. Buu lake huchimba katika tunguu la mgomba, chini, mpaka mgomba ukaanguka na mkungu wake kwa upepo mdogo tu. Huko Uganda, kituo cha Kawanda, wataalamu walijaribu boveria kumwua fukusi huyu katika miaka ya 1990. Hoja ni ile ile: fukusi mkubwa hutembea usiku juu ya udongo wenye unyevu, karibu na shina, na hapo hukutana na kuvu. Na Wajapani hufunga mashina ya miti vitambaa vilivyooteshwa kuvu ya jamii ya boveria, ili mbawakawa anayepanda kwenda kutaga mayai apite juu yake. Wote hawa hawamfuati mdudu ndani ya mti. Humngoja njiani.

Na wasiojali minazi wala migomba, nitawakumbusha nzige. Mwaka 2009, nzige wekundu walipoongezeka hapa Tanzania, katika Iku-Katavi, nyanda za Ziwa Rukwa na bonde la Malagarasi, walipulizwa dawa iitwayo Green Muscle. Ndani yake mlikuwa na nini? Metariziamu, ila ya aina nyingine, impatayo nzige. Aina ya nzige haimwui chonga vizuri, na ya chonga si ya nzige. Kwa hiyo ukinunua, uliza ni ya mdudu gani.

Mtapenda kujua mambo ya shangazi. Tuliyapasua magogo yote, mimi na binamu zangu, tukayachoma. Siku nne za kazi. Mikono yangu ya kalamu iliota malengelenge, na shangazi akafurahi kuyaona, nadhani. Tuliacha lundo moja tu, la kutazama. Masika ya mwaka uliofuata, binamu yangu alilifunua akakuta mabuu manne yamekauka, kama yaliyochongwa kwa mti, yameota kijani. Hatukutia kuvu sisi; ilikuwamo ardhini tangu hapo, kama iliyomo katika mashamba mengi. Tulimwonyesha bwana shamba, akatuambia ni metariziamu, tusiyatupe. Tuliyarudisha ndani ya lundo, tukalimwagia maji na kulifunika vizuri. Toka siku hiyo lundo halikukosa mabuu ya kijani kila masika. Kiangazi huyaoni.

Miche 7 ilipandwa tena. Mpaka leo 6 yasimama. Mimi sisemi ni kazi ya kuvu peke yake. Moto ulifanya kazi, kuku walifanya kazi, na shangazi mwenyewe hupita kila asubuhi na waya wenye ndoana, akiona tundu humvuta chonga nje. Siku hizi nikimpa shauri husema, "Ngoja kwanza nimwulize bwana shamba." Sina la kumjibu.

Sasa shikeni kalamu. Hesabu ya leo: Chonga jike mmoja ametaga mayai 30 katika gogo. Yote yamekuwa chonga, na nusu yao ni majike. Kila jike naye akataga mayai 30. Je, mayai hayo ya pili ni mangapi? Fanyeni kwanza, halafu mwalimu atawasahihisha.

Kazi ya nyumbani: kila mtu apindue gogo moja lililooza, lake au la jirani kwa ruhusa yake, aandike sentensi tatu juu ya alichokiona. Akikuta mabuu, ahesabu, aandike idadi kwa tarakimu. Akikuta buu lililokauka lenye rangi ya kijani, alilete darasani ndani ya karatasi, si katika mfuko wa plastiki, na wenzake walione kabla hajalirudisha. Somo lijalo tutasoma sentensi hizo. Kwaherini.